Nusu ya Reli

Kuna watu hawawezi kuona mahali patupu wakapaacha patupu, na Fundi alikuwa kiongozi wao. Mtaani alisifiwa kwa suruali zisizopinda na makoti yanayokaa vizuri begani, lakini ndani ya nyumba yake alijulikana kwa mengine. Mpe kona, ataisimamishia jora la kitambaa. Mpe kiti, atakitandikia bitana. Mgeni akija, sharti kwanza nguo za watu zihamishwe kwenye kochi, tena zihamishwe kwa adabu, maana kila moja ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe siku zote alikuwa njiani anakuja kuichukua. Wengine walikuwa njiani tangu mwaka juzi.

Mkewe alikuwa fundi miwani. Kutwa alikaa nyuma ya duka akisaga vioo na kuvilinganisha na macho ya watu asiowajua, na mikono yake ilikuwa mitulivu kiasi kwamba Fundi, ambaye si mwepesi wa kumsifu mtu, alikiri mbele za watu kuwa mwanamke huyu angeshika sindano, yeye angefunga duka. Na mama huyu, mtu mzima mwenye binti wa kuoza, alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko usingizi: treni ndogo.

Majirani walidhani ni vitu vya kuchezea anavyowawekea wajukuu watakaokuja, naye aliwaacha wadhani hivyo. Kumbe zilikuwa treni kamili zilizopunguzwa kimo tu. Kulikuwa na kichwa cha treni cha kijani kinachoenea kiganjani, mabehewa ya abiria yenye viti ndani, mabehewa ya mizigo yenye milango inayofunguka, na stesheni aliyoijenga mwenyewe, ambayo madirisha yake aliyakata kwenye vioo vya miwani vilivyoharibika kazini. Vyote viliishi uvunguni mwa kitanda ndani ya maboksi ya viatu. Jumapili alasiri alivitoa, akatandaza reli sakafuni, na treni ikaenda kutoka mguu wa kabati hadi mlangoni, kisha ikarudi kinyumenyume kutoka mlangoni hadi mguu wa kabati. Hapakuwa na nafasi ya kupinda, na reli za kupinda zilibaki boksini. Baada ya hapo alikusanya kila kitu akakirudisha uvunguni, kwa kuwa mtu yeyote aliyetaka nguo kabatini alikuwa anairuka stesheni.

Boksi moja, refu kuliko mengine, halikufunguliwa hata Jumapili. Ndani yake mlikuwa na daraja.

Habari ya daraja hilo Fundi aliijua kabla hajaoa. Mkewe alipokuwa mdogo, kila likizo mama yake alimpakia kwenye treni kwenda kwa bibi, na njiani kulikuwa na daraja ambalo behewa zima lililizungumzia. Ni refu, walisema, na chini yake ni mbali, ukichungulia tumbo linakimbia. Kila safari mtoto huyo aliapa kwamba safari hii hatalala. Na kila safari magurudumu yalimbembeleza, akasinzia kwenye paja la mama yake, akazinduka daraja likiwa limeshabaki nyuma na watu wanakula machungwa. Mama yake alisema alimwonea huruma kumwamsha. Kisha bibi alifariki, safari zikaisha, na daraja lenyewe hakuliona mpaka leo. Alichofanya ni kulijenga kwa kusikia, kwa waya na mikono ya fremu kuukuu za miwani, nguzo kwa nguzo, kwa muda mrefu sana. Lakini daraja halitaki reli tu, linataka na pengo la kuvuka. Ukiliweka sakafuni linakuwa ngazi iliyolala. Kwa hiyo lilikaa boksini likisubiri pengo.

Ahadi aliitoa Fundi mwenyewe, tena bila kulazimishwa. Mkewe alimuuliza siku moja kama hakuna pembe yoyote ya nyumba inayoweza kubeba reli yenye mzunguko, treni iende mbele tu bila kurudi kinyumenyume. Fundi alikuwa anapima koti, mdomo umejaa pini. Akasema kwa pembe ya mdomo kwamba binti yao akiolewa tu, chumba chake ni cha reli, chote, ukuta hadi ukuta. Ahadi ya mshonaji tunaijua wote. Huyu mama hakuwa mteja, ndiyo maana aliamini.

Binti akaolewa. Harusi ikapita, vumbi likatulia, mama akaenda kumsaidia mwanawe kupanga nyumba yake mpya, akakaa huko siku kadhaa. Aliporudi, alikuwa amebeba kopo la rangi ya kijani ya kupakia vilima. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha binti, akafungua mlango, na mlango ukafunguka nusu tu. Nyuma yake kulikuwa na majora ya sare za shule, yamepangwa hadi dirishani. Cherehani ya pili ilikuwa palipokuwa na kitanda. Katikati alisimama sanamu wa kupimia nguo, hana kichwa, amevaa koti la mwalimu mkuu, utadhani ndiye mpangaji mpya.

"Ni kwa siku mbili tatu tu," Fundi alisema nyuma yake.

Mkewe alitazama koti la mwalimu mkuu kwa muda. Akasema sawa. Akaenda kuweka kopo la rangi jikoni, juu, nyuma ya sufuria, mahali panapowekwa vitu visivyo na haraka.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Fundi, badala ya kuogopa kimya, alikifurahia. Alidhani amesamehewa. Akala kwa raha, akaongeza na mboga. Mkewe ndipo akamwambia, kwa sauti ile ile anayotumia kusema kesho kutanyesha, kwamba amezungumza na mwalimu wa shule ya chekechea iliyo nyuma ya soko. Mwalimu atakuja Jumamosi asubuhi kuchukua maboksi. Watoto pale wana ukumbi mkubwa na hawana cha kuchezea.

"Maboksi yote?"

"Yote."

"Na daraja?"

"Na daraja. Angalau wao wataliona wakiwa macho."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Fundi. Hasira angeijibu. Alijua kujibu hasira, alikuwa na wateja. Lakini huyu alikuwa mtu aliyekwisha kukata tamaa na sasa anaosha vyombo.

Kesho yake Fundi alishona mfuko wa shati juu chini, jambo ambalo halijamtokea tangu uanagenzi. Alipoinama kuufumua, alivua miwani akaifuta, na hapo akakumbuka ilivyomfikia. Macho yake yalipoanza kukataa kutunga uzi, hakumwambia mtu, aliona haya. Mkewe naye hakuuliza. Alikuja tu jioni moja na miwani tayari, na kumbe kwa wiki nzima alikuwa akimchungulia kazini ili apate umbali kati ya pua yake na sindano. Aliupata barabara. Fundi aliketi na shati mapajani akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Mtu alimpima nafasi yake bila kuombwa, naye ameombwa nafasi akaijaza majora.

Aliamua kwamba Jumamosi haitamkuta hivi. Chumba kitakuwa wazi, na ndani yake kutakuwa na meza ya reli iliyokamilika.

Seremala hakuwa mbali wala mgeni. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mfupi mwenye penseli sikioni na dharau kwa kila kazi isiyotumia mbao. Fundi alimkuta kwenye karakana yake akipiga randa mlango. Shemeji akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama dada yake bado anaishi kwenye nyumba ile au ameshahamia kwenye mfuko wa koti. Fundi akameza. Kwa shemeji unameza.

Seremala akataka kuja kupima chumba. Fundi akakataa katakata. Kupima, alisema, ni kazi yake, ameifanya maisha yake yote na hajawahi kurudishiwa suruali. Yeye ataleta kiolezo cha karatasi, kama kile anachokatia nguo, shemeji alaze kiolezo juu ya mbao na kukata kufuata mstari. Miguu ya meza iwe na kimo cha meza yake ya kukatia, mtu asiumwe mgongo. Shemeji aliinua mabega akasema karatasi na ije.

Basi mkewe akiwa kazini, Fundi alitoa boksi moja uvunguni, kwa kuwa kwenye mfuniko wake mkewe alikuwa amechora zamani reli aliyoitamani. Ulikuwa mchoro rahisi, njia moja ndefu yenye umbo la yai, inayojirudia, upande huu sawa na upande ule. Fundi alipitisha tepu kati ya majora, akapima chumba ukuta hadi ukuta kama alivyoahidi, akaliongeza yai la mkewe mpaka likajaa chumba kizima. Alitandaza karatasi za kaki, akazigundisha, akachora kwa chaki. Alichora kwa furaha. Mistari ilimtoka mizuri, yenye mapindo laini, na kwenye ukingo ulionyooka akaweka mshale wake wa kawaida, ule wenye ncha mbili zilizojikunja, anaouweka kwenye kila kiolezo. Akakunja karatasi, akaipeleka karakana, akarudi kwenye majora.

Siku zilizobaki alishona kama mtu anayefukuzwa. Sare zikakamilika, zikaenda shuleni kabla ya wakati, na mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua koti lake akauliza mara mbili kama kweli ni lake, maana hajawahi kupata nguo kwa safari ya kwanza. Majora yaliyobaki Fundi aliyarudisha kwa mwenye duka la vitambaa, na cherehani ya pili na sanamu akavirudisha kwenye chumba chake cha kazi. Vipande vya nguo za watu waliokuwa njiani tangu mwaka juzi alivitia kwenye gunia. Mkewe akirudi jioni aliona nafasi zinafunguka hapa na pale, akadhani ni biashara inakwenda vizuri, akampongeza.

Ijumaa mchana, mkewe akiwa bado dukani kwake, shemeji alifika na meza kwenye mkokoteni. Wakaiingiza chumbani, wakaifunga miguu, wakaisukuma ukutani. Ilikaa sawasawa, hata kidole hakipiti. Fundi alirudi nyuma kuitazama, na uso ukamshuka.

Ilikuwa nusu.

Njia ilianza kwenye ukuta, ikaja mbele, ikapinda vizuri sana, ikarudi na kuishia kwenye ukuta ule ule. Treni ingetoka ukutani na kwenda kugonga ukuta. Nusu nyingine ya yai haikuwepo.

Fundi aliuliza kwa utaratibu nusu ya pili iko wapi. Shemeji akauliza nusu ya pili ya nini. Akachomoa kiolezo mfukoni, akakilaza juu ya mbao, na kilienea ukingo kwa ukingo. Fundi akaweka kidole kwenye mshale wake wenye ncha zilizojikunja, akaeleza, sauti ikianza kupanda, kwamba mtoto yeyote anajua maana ya mshale ule. Mgongo wa shati huuchori wote. Unachora nusu, unakunja kitambaa, unalaza kiolezo kwenye kunjo, unakata mara moja, unafunua, una mgongo mzima. Mshale ndio unaoonyesha kunjo.

"Shemeji," seremala alisema, "hebu nionyeshe mahali pa kukunja ubao."

Fundi alitazama ubao, akatazama karatasi.

"Mimi niliona mshale, nikasema huu ndio upande unaokaa ukutani. Sikati mawazo ya mtu. Nakata karatasi."

Hapakuwa na wa kumlaumu. Fundi alikuwa amechora reli kama anachora mgongo wa shati, na mkono wake, kwa mazoea ya maisha, ulichora nusu huku kichwa kikiiona nzima. Aliuliza kama nusu ya pili inaweza kukatwa leo hii. Shemeji akasema mbao zimekwisha mpaka wiki ijayo. Kisha akazunguka meza, akatazama ukuta wa pili, akatazama mlango, akapiga hatua mbili tatu, na bega lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Ilibidi ashike dirisha.

"Umepima ukuta hadi ukuta," alisema alipopata pumzi. "Sasa ningeleta na nusu ya pili, dada angesimama wapi? Angeingilia dirishani? Shemeji, umeshona shati halina shingo."

Fundi alitazama chumba. Ilikuwa kweli tupu. Meza nzima ingekijaza chumba mpaka mlangoni, mtu asingepata hata pa kuweka mguu. Yeye, aliyewakatia shingo watu wa mitaa minne, alisahau kuacha pa kupitisha kichwa cha mkewe. Akaketi kwenye ukingo wa meza, na bila kupenda naye akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwisha, kwa sababu kesho ilikuwa Jumamosi na treni bado ilikuwa inagonga ukuta.

Aliukodolea macho ukuta ule. Haukuwa wa matofali. Zamani hiki na chumba chake cha kazi vilikuwa chumba kimoja kikubwa, mpaka binti alipokua, na huyu huyu shemeji ndiye aliyejenga kizuizi cha mbao katikati. Upande wa pili, hatua moja tu kutoka kwenye kizuizi, ilisimama meza ya kukatia. Nusu ya yai iliyokosekana haikuhitaji mbao. Ilikuwapo tayari, kimo kile kile, ila imejaa vitambaa vyake.

Sasa msimhukumu haraka kwa kusita. Meza ile ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba alichokuwa hakigawi. Aliizunguka kutwa nzima, mkasi mkononi, mbele na nyuma, na aliyeweka hata kikombe cha chai juu yake alisikia maneno. Ikipita reli, nusu ya meza imekwenda, na ile njia yake ya kuizunguka imekatika. Angelazimika kukata suruali moja moja badala ya mbili mbili. Alifikiria sebule. Alifikiria jikoni. Alifikiria kumwomba mwalimu wa chekechea asubiri, na hapo akajisikia anavyosema, siku mbili tatu tu, akajichukia.

Aliokota penseli kutoka sikioni mwa shemeji, akachora mviringo ukutani pale reli ilipoishia, na mviringo mwingine pale ilipoanzia.

"Toboa hapa na hapa," alisema.

"Unajua upande wa pili kuna nini?"

"Najua. Toboa."

Jumamosi asubuhi mkewe aliamka mapema, akaanza kuyatoa maboksi uvunguni na kuyapanga sebuleni moja juu ya jingine. Hakulia wala hakununa. Aliyafuta vumbi tu, kila moja, na lile refu alilifuta mara mbili. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha binti, amevaa shati la kutokea, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kabla hujayatoa nje," alisema, "kuna nguo moja nataka uijaribu."

Mkewe akasema leo hana moyo wa nguo. Fundi akafungua mlango, na safari hii ukafunguka wote.

Aliona dirisha kwanza, kwa kuwa lilikuwa halijaonekana kwa muda. Kisha akaona meza, na kopo lake la rangi ya kijani juu yake. Alipitisha kiganja kwenye pindo la ubao kama anavyopitisha kwenye kioo kutafuta mikwaruzo. Akafuata njia kwa kidole mpaka ukutani, akafika kwenye tundu la duara lililopigwa msasa kingo zake, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Hili linakwenda wapi?"

"Kwangu," Fundi alisema.

Alimtazama mumewe, akatazama tundu la pili, na akaelewa reli nzima mara moja, kwa kuwa aliijua tangu zamani. Akatoka mbio, mtu mzima yule, akazunguka hadi chumba cha kazi. Nusu ya meza ya kukatia ilikuwa tupu. Ilikuwa na alama za chaki zilizochorwa kwa umbo la njia yake, na safari hii Fundi alizichora zote. Kutoka kwenye tundu la pili mpaka mezani shemeji aliweka ubao wenye bawaba, unaoinuliwa mtu akitaka kupita. Lakini kati ya tundu la kwanza na meza hapakuwa na kitu. Palikuwa na upana wa hatua moja, na chini yake sakafu, mbali.

Alilichungulia pengo lile mpaka chini. Kisha akaenda sebuleni, akarudi na boksi refu.

Daraja lilizidi. Halikuzidi sana, ni upana wa vidole vitatu, lakini daraja lililozidi haliingii. Mkewe alilishika hewani, akamtazama Fundi, na Fundi aliona jinsi uso wake ulivyokuwa unajiandaa kusema haidhuru. Hakumngoja aseme. Aliweka nyonga yake kwenye meza ya kukatia, meza ambayo haikuwahi kusogezwa tangu iingie mle ndani, akaisukuma mbali na kizuizi. Miguu ililia sakafuni. Alisukuma tena kidogo, polepole, mpaka daraja likashuka lenyewe na kukaa, mguu huu kwa mke na mguu ule kwa mume.

Hivyo ndivyo alivyowakuta mwalimu wa chekechea, mama kwenye sakafu chini ya meza akiunganisha nyaya, na Fundi amemshikia taa huku akiulizwa kwa nini anamulika pengine. Ilibidi Fundi atoke kwenda kuomba radhi. Alimwambia mwalimu ukweli, kwamba treni zimepata kwao, akamkabidhi lile gunia la vipande vya vitambaa, la kuwashonea watoto vikaragosi. Kwa kumbukumbu za nyumba ile, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Fundi kugawa kitambaa bila mwenyewe kuja. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, akaomba jambo moja tu, kwamba siku moja awalete watoto waone. Mama alijibu kutoka chini ya meza, karibuni sana, lakini wawe wanne wanne.

Mwalimu alipoondoka, kila kitu kilikuwa tayari. Mama alibaki kwenye chumba chake, mbele ya kisanduku cha umeme cha kuendeshea treni, kwa kuwa mwendeshaji hawezi kuacha kituo chake. Fundi aliketi kwenye kigoda chake chumba cha pili. Kwa miaka yote kizuizi kile kilikuwa kinakitenga chumba cha binti na sauti za cherehani. Sasa palikuwa na matundu mawili, na kupitia tundu aliona kipande cha kitenge cha mkewe kikisogea.

Alisikia mlio mdogo, kama sindano ya cherehani inayokwenda polepole. Mlio ulikuja, ukakua, na kichwa cha kijani kikatokeza ukutani. Kilikanyaga daraja. Mabehewa yakafuata moja baada ya jingine, na kupitia kwenye zile nguzo nyembamba za mikono ya miwani Fundi aliona sakafu iko chini kabisa, na tumbo likamkimbia kweli. Treni ilivuka, ikapinda juu ya alama zake za chaki, ikapita kando ya mkasi na pasi, ikapanda ubao wa bawaba, ikaingia ukutani kurudi kwa mwenyewe. Fundi aligundua kuwa amesimama.

"Imevuka?" mkewe aliuliza kupitia tundu.

"Imevuka."

Kisha sauti ikauliza, chini zaidi, "Likoje?"

Fundi alifungua mdomo aeleze. Ni refu, alitaka kusema, na chini yake ni mbali. Akajizuia, kwa kuwa hiyo ndiyo habari ambayo mkewe alikuwa ameisikia maisha yake yote kwa midomo ya watu.

"Siwezi kukuambia. Njoo."

"Nani ataendesha?"

"Iache iende yenyewe. Si ndiyo sababu ulitaka izunguke?"

Kitenge hakikusogea. Fundi alimjua mwenzake, na alijua hakikuwa kisanduku cha umeme kilichomshika. Mtu akingoja kitu toka utotoni huogopa kukifikia.

"Njoo ukae hapa kwenye kigoda changu," alisema kupitia ukuta. "Safari hii nitakuamsha mimi."

Alikuja. Aliketi, kichwa kikiwa usawa wa daraja, mikono mapajani. Treni ilikuwa upande wa pili, inazunguka pale kilima kitakapojengwa, na mlio wake mdogo ulisikika nyuma ya mbao. Mkewe aliusikiliza kidogo. Kisha, taratibu, alifumba macho, akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa mumewe kama abiria mdogo aliyechoka na safari, na Fundi akakaa tuli, hata tepu iliyoning'inia shingoni hakuiondoa.

Mlio ulikuja, ukakua. Kichwa cha kijani kikatokeza.

Alimgusa bega.

"Amka, mke wangu. Daraja hili hapa."